LinkedIn: Tusiwaache vijana wakisubiri mlangoni

Juma lililopita nilikuwa natafuta mtaalamu mmoja wa kuhoji. Nikafungua ukurasa wangu wa LinkedIn, ambao kusema kweli sikuwa nimeugusa kwa muda mrefu. Nikakuta maombi 137 ya watu wanaotaka kuungana nami, yote yakisubiri jibu. Mengine yalikuwa na miezi mitano.

Katikati yake kulikuwa na ombi la kijana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika uandishi wa habari. Tofauti na wengi, yeye aliandika mistari miwili. Alisema anasoma kile nilichosoma mimi, na akauliza kama redaksheni yetu inapokea watu wa staji wakati wa likizo. Likizo ilikuwa imekwisha zamani. Nikamwandikia kuomba radhi. Akanijibu kwa heshima: hakuna shida, yaya, muda ulishapita. Chuo kilimdai hati ya staji kabla ya kutetea kazi yake. Hakuipata, na sasa anangoja mwaka mwingine.

Siwezi kusema kwamba ningempatia nafasi. Lakini ningeweza kumwambia "hapana" siku ileile, naye angepiga hodi kwingine. Jambo hilo halinipi amani, na ndiyo sababu naandika leo. Sisi tulio na kazi tumejizoeza kuona maombi hayo kama vumbi la simu. Kwa aliyeyatuma, siyo vumbi.

Tuangalie tuko wapi. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Goma iko mikononi mwa M23, na Bukavu ilifuata katikati ya mwezi wa pili. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukanyamaza, na watu wengi wakapoteza kazi. Mwaka huohuo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu katika nchi yetu, ilikata misaada yake, na USAID ikafunga rasmi shughuli zake tarehe 1 mwezi wa saba. Kila mtu anayeishi huku anajua maana yake: miradi ilisimama, magari ya ONG yakapaki, na wahasibu, madereva, wauguzi na wachunguzi wa miradi wakarudi nyumbani na CV mkononi.

Hawa wote wanatafuta wapi? Zamani mtu alishika bahasha, akaenda kuiacha kwa mlinzi kwenye lango la ofisi. Leo ofisi nyingi zimehama au zimefunga, na matangazo ya kazi yanapita kwenye intaneti. Mtu akiwa Uvira, Beni au Bunia, LinkedIn ni moja ya milango michache inayomfikisha kwa mkuu wa wafanyakazi aliye Kinshasa au Nairobi bila kupanda ndege. Na mega anazotumia anazinunua kwa pesa ambayo ingeweza kununua unga.

Wenzangu wengi hudhani kwamba kuliacha ombi bila kulijibu si kitu: sijakataa, sijakubali, nimenyamaza tu. Si hivyo. Kampuni yenyewe inaeleza kwamba mtu ambaye maombi yake mengi yanapuuzwa, yanaachwa yakisubiri au yanatajwa kuwa ya usumbufu anaweza kuzuiwa asitume mengine. Maana yake, kimya chetu kinamhesabiwa yule kijana. Watu wengi wenye nafasi wakinyamaza, mashine inamwona kama msumbufu, na mlango mdogo aliokuwa nao unafungwa. Ombi lisilojibiwa hufa lenyewe baada ya miezi 6. Miezi 6 ni mingi kwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba.

Kinyume chake, kukataa hakumwaibishi mtu. Ukibonyeza "Ignorer", aliyeomba hapelekewi taarifa yoyote. Ombi linaondoka kwako na mambo yanakwisha. Na kama aliandika neno, mjibu kwanza kwa mstari mmoja: samahani mdogo wangu, kwetu hakuna nafasi kwa sasa, jaribu pale. Hiyo ni nusu dakika. Wazee wetu hawakumwacha mgeni amesimama kwenye lupango bila hata kumsalimia. Walitoka, wakamwuliza shida yake, hata kama hawakuwa na chakula cha kumpa.

Nasikia wengine wakisema: wewe mwandishi unataka tufungue mlango kwa kila mtu katika vita hii? Hapana. Hapo nawaunga mkono kabisa. Kwa kawaida, mtu ukishamkubali anaweza kuona anwani yako ya barua pepe, na pia orodha ya watu ulioungana nao, kama hujaificha kwenye mipangilio. Kwa mwandishi wa habari, mtetezi wa haki za binadamu au mfanyakazi wa ONG katika Kivu, orodha hiyo ni ramani ya watu anaofanya nao kazi. Si kila mtu anapaswa kuishika. Mwenye kazi ya namna hiyo aende leo kwenye mipangilio, afiche orodha na anwani, kisha ndipo aanze kushughulikia maombi.

Kuna pia matapeli. Ukurasa una picha nzuri na jina la shirika kubwa. Ukimkubali, siku ya pili anakuambia umechaguliwa kwa kazi, zimebaki dola chache tu za kushughulikia dosye. Umoja wa Mataifa unasema wazi kwamba hautozi malipo katika hatua yoyote ya kuajiri. Anayekudai pesa ili akupe kazi, iwe dola 20 au 200, ni mwizi. Mtaje kwenye mtandao huohuo kwamba ni tapeli, halafu uendelee na safari yako.

Kwa hiyo ninachotetea ni kuamua, wala si kukubali kila mtu. Unayemjua au ambaye kazi yake inaeleweka, mkubali. Usiyemjua lakini ameandika neno la maana, mjibu kwanza, utakubali baadaye ukiridhika. Asiye na picha, asiye na historia ya kazi, asiyesema lolote, mwondoe. Mimi nilimaliza yale 137 kwa jioni mbili, nikinywa chai. Sasa nimejiwekea siku ya posho: dakika kumi, orodha inabaki tupu.

Nanyi vijana mnaotafuta, niruhusuni niwaambie ukweli kama kaka. Nilipotazama upande wa maombi niliyotuma mimi mwenyewe, nilikuta zaidi ya 60 yanayoning'inia, mengine kwa wakubwa wa mashirika ambao hata sikumbuki nilitaka kuwaambia nini. Nilibonyeza tu, kama mtu anayetupa nyavu usiku. Hakuna hata moja niliyoandikia neno. Ningekuwa wao, nami nisingejijibu.

Tuma machache. Chagua watu watano ambao kazi yao inagusa ulichosomea. Mtandao unaruhusu kuongeza ujumbe mfupi, ingawa asiyelipia hupewa idadi ndogo kwa mwezi, kwa hiyo usiupoteze kwa "bonjour" peke yake. Sema wewe ni nani, uko mji gani, umejifunza nini, na unaomba kitu gani kimoja. "Naomba msaada" halimwambii mtu lolote. "Naomba kujua kama mnapokea watu wa staji katika uhasibu mwezi wa nane" linajibika kwa ndiyo au hapana.

Kisha safisha uliyotuma. Ingia "Réseau", halafu "Gérer", tazama "Envoyées". Lililopitisha mwezi bila jibu, bonyeza "Retirer". Mwenyewe hataarifiwa kwamba umeliondoa. Lakini jua kwamba baada ya kuliondoa utangoja hadi majuma 3 kabla ya kumtumia mtu yuleyule tena. Tumia muda huo kujaza ukurasa wako vizuri na kufikiri utakachomwambia. Na kama mtu ni mkubwa mno kwako kwa sasa, bonyeza "Suivre" usome anachoandika. Hilo halihitaji ruhusa yake.

Najua LinkedIn haitaleta kazi pale ambapo kazi hakuna. Haitafungua benki wala haitarudisha miradi iliyokatwa. Na najua pia kwamba kwetu nafasi nyingi bado zinapita kwa njia ya kujuana, mjomba na shemeji wakigawana. Lakini kwa sababu hiyohiyo, mlango huu una thamani. Ni pale tu ambapo mtoto wa mkulima wa Walungu au wa Lubero, asiye na mjomba ofisini, anaweza kumwandikia mkurugenzi kwa jina lake mwenyewe. Tukiuacha mlango huo ujae vumbi, tumewaachia wenye wajomba peke yao.

Yule kijana tumeungana sasa. Nimempa majina mawili ya redaksheni zinazopokea wanafunzi, na nimemwomba anitumie makala yake moja niisome. Imekuja jana usiku. Ina makosa kadhaa, kama zangu nilipokuwa na umri wake, na ni nzuri. Ningeweza kuisoma miezi mitano iliyopita.