Mwanafunzi Mgeni Apate Kwao Bujumbura



Kila mwaka wa masomo unapoanza, hufika mjini kwetu Bujumbura vijana kutoka Bukavu, Uvira, Kigoma na hata Nairobi. Wengine wanaingia Chuo Kikuu cha Burundi, wengine Hope Africa University, chuo kilichoanzia Nairobi kabla ya kuhamia hapa. Chuo kinawapa nafasi darasani. Pa kulala na watu wa kula nao, wengi wanajitafutia wenyewe.

Naomba jambo moja. Familia yenye chumba cha ziada, au kitanda kimoja tu katika chumba cha watoto, impokee mwanafunzi mmoja, akae nao kama mtoto wa nyumbani.

Vyumba vya kupanga vipo, ni kweli. Lakini masomo ya kijana mgeni mara nyingi huharibikia nje ya darasa. Aliyesoma sekondari Kigoma kwa Kiingereza anakutana na mihadhara ya Kifaransa pale kampasi ya Mutanga. Jioni petroli ikiwa haba, mabasi hayaonekani, anarudi kwa miguu. Anafika chumbani umeme umekatika, na hana hata mtu wa kumuuliza kile ambacho hakukielewa mchana. Penye familia, binti wa sekondari humwelekeza Kifaransa, na mgeni humlipa kwa kumfundisha Kiingereza. Wote wawili wanafaulu.

Kuna nyumba moja Buyenzi ninayoifahamu, inayomlea kijana wa Bukavu. Kiswahili kinamtosha mtaani humo, ila mama mwenye nyumba anataka ajue na Kirundi. Humtuma dukani makusudi akaombe chumvi na sabuni kwa Kirundi. Akirudi na kitu kingine, nyumba nzima inacheka, naye anacheka nao, kisha anarudishwa dukani. Usiku wanazunguka sinia moja la ugali, ndagala na isombe, na kila mtu anaulizwa siku yake ilikwendaje, yeye akiwamo.

Sisi Warundi tunajua maana ya kupokewa. Mwaka 1972, na tena 2015, watu wetu walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Watoto wetu walisoma Tanzania na Kongo. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 160,000 kati ya wale wakimbizi wa 1972 na watoto wao. Leo mtoto wa Kigoma akibisha hodi kwetu kwa ajili ya masomo, anabisha kwa watu wanaodaiwa wema.

Tena sisi Burundi tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza kwamba Jumuiya nzima ni eneo moja la elimu ya juu. Tamko hilo ni jema, lakini anayelifanya limfae kijana wa miaka 19 ni mama anayemwekea chakula anapochelewa kutoka maktaba.

Kwa atakayekubali, nina maneno machache.

Siku ya kwanza, mwandikeni katika daftari la kaya na mumpeleke kwa mkuu wa nyumba kumi, majirani wamjue na asisumbuliwe njiani. Siku hiyo hiyo semeni waziwazi habari ya pesa: atachangia nini, lini, na akikwama itakuwaje. Fedha isiyozungumzwa mapema ndiyo huvunja undugu.

Msimweke sebuleni kama mgeni wa heshima muhula mzima. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Apewe zamu ya kuchota maji na kuosha vyombo, na Jumamosi asubuhi atoke nanyi kwenye kazi za maendeleo. Ataona ana sehemu yake katika nyumba.

Akiwa ni msichana, alindwe kama binti yenu. Mlango wake uwe na ufunguo, na awepo mtu mzima wa kumwambia lolote bila woga. Akiwa Mwislamu katika nyumba ya Wakristo, apate daku na futari yake Ramadhani. Akiwa Mkristo katika nyumba ya Waislamu, Jumapili aende kanisani kwa amani.

Nanyi wanafunzi, salimieni kila mnayemkuta, ageni mnapotoka, na mkichelewa pigeni simu.

Wiki hii, mzee wa familia, kaa na mwenzako na watoto mlijadili. Mkikubaliana, nenda chuo kilicho karibu nawe, au kanisani, au msikitini, useme kwamba kwako kuna nafasi ya mwanafunzi mmoja. Usingoje nyumba iwe kubwa zaidi au mshahara uongezeke. Mtoto wa watu anatafuta pa kukaa sasa hivi, na sinia lenu linamtosha.