Pikipiki Kuukuu Si Vyuma Chakavu

Mwezi uliopita hapa Kinanie nilishuhudia pikipiki ikipimwa kwa mizani kama gunia la mahindi. Ilikuwa BSA Bantam, na tangi lake lilikuwa lingali na mchoro wa jogoo uliofifia. Mwenyewe, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiiendesha hadi mjini Machakos wakati barabara zetu zilipokuwa vumbi tupu, amekwisha kufariki, na warithi wake hawakuona ndani yake ila kilo za chuma. Mnunuzi alinieleza kwamba kesho yake ingekuwa imefika kwenye tanuri huko Athi River.

Kazi yangu ni isimu, si ufundi wa mitambo. Hata hivyo nilihisi kama mtu aonaye kamusi ikitiwa moto. Pikipiki, kama maneno, zina nasaba, tena zina ukopaji mwingi. Bantam yenyewe haikubuniwa Uingereza. Mama yake ni DKW RT 125 ya kiwanda cha Zschopau, Ujerumani. Wajerumani waliposhindwa vitani mwaka 1945, michoro yake ilitwaliwa kuwa fidia. BSA wa Birmingham, kampuni iliyoanza mwaka 1861 kwa kuunda bunduki, waliigeuza kushoto kulia, kwa kuwa Waingereza walizoea kubadilisha gia kwa mguu wa kulia, kisha wakaanza kuiuza mwaka 1948. Harley-Davidson wa Marekani walichota katika kisima hicho hicho, na Wasovieti vilevile. Yamaha, waliokuwa waunda vinanda, walianzia hapo pikipiki yao ya kwanza mwaka 1955. Hakuna aliyeona haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 BSA iliporomoka, huku wanafunzi wa Kijapani wakilitawala soko.

Mwaka huo huo wa 1955, mjini Madras, Wahindi walianza kuunganisha Royal Enfield Bullet kwa vipande vilivyotoka Uingereza. Baadaye wakaviunda vipande wenyewe. Leo kiwanda cha Uingereza kimebaki historia, na jina la Royal Enfield ni mali ya Wahindi.

Sisi je? Tangu mwaka 2008, serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, nchi imejaa Boxer na TVS, ambazo nyingi huunganishwa papa hapa kwa vipande vya India. Yaani tumesimama pale pale waliposimama watu wa Madras. Tofauti ni kwamba hatuwafundishi vijana kuifungua mashine, kuipima na kuichora upya. Tunawafundisha kuipanda.

Katika lugha, kwa hakika, hatukuzembea. Wazee walisikia mlio wa injini wakatunga "pikipiki", na wengine "tukutuku", bila kungoja kamati yoyote. Neno "border" la Kiingereza tulilichukua kule mpakani mwa Kenya na Uganda, tukalirudufu, likawa "bodaboda"; awali lilikuwa la baiskeli, kisha likahamia kwenye injini. Huko ndiko kukopa kwa mtu mwenye karakana yake. (Wanafunzi wangu hudhani bodaboda ni neno la jana, sivyo, lina umri wa kuwazaa.)

Bantam ina silinda moja ya sisi 123, haina vali, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifungua asubuhi na kuielewa kabla ya chakula cha mchana. Walimu wenzangu wa fizikia, ni kifaa gani cha maabara kinachoshinda hicho? Shule zinazovizunguka viwanda vya Mavoko zingeweza kuwauliza wazee kabla ya lori la vyuma kupita.

Niliomba kuinunua nzima. Nikajibiwa kwamba bei ilikwisha kukatwa. Niliuziwa tangi peke yake, kwa bei ya kilo. Injini, ambayo ndiyo yenye somo, ilipakiwa lorini.