Nipo, Niko, Nimo: Nani Kasema Kiswahili Hakivui Barafuni?

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, nawaandikia nikiwa na hasira ambayo wiki tatu hazikutosha kuipoza.

Mpwa wangu, mzaliwa wa Mafinga mkoani Iringa, anaishi Marekani katika jimbo la Minnesota. Aliniletea ujumbe: "Shikamoo Mjomba. Nina kazi ya lugha, nayo ni ya haraka." Yeye na wenzake wawili wa kazini, mmoja Mkenya wa Eldoret na mwingine Mkongo wa Bukavu, wamekusudia kwenda kuvua samaki katika ziwa ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulikanyaga. Nasema kulikanyaga, kwani ndivyo ilivyo. Ziwa hilo, Mille Lacs, huganda juu wakati wa baridi, watu wakatembea juu yake, wakatoboa tundu, wakashusha mshipi. Lugha inayowaunganisha watatu hao ni Kiswahili, na yule wa Bukavu Kiingereza bado kinampiga chenga. Mpwa wangu aliomba nimsaidie kuandika mpango wa safari pamoja na tahadhari zake, kwa Kiswahili ambacho wote watatu watakielewa bila kuulizana mara mbili.

Nililipeleka ombi hilo barazani kwetu hapa Mbeya, tunapokutana washairi kila mwisho wa mwezi. Nilidhani nitapata wasaidizi. Mwenzetu mmoja, ambaye tungo zake nazihusudu hadi leo, alicheka. Akasema Kiswahili ni lugha ya minazi na ngalawa. Mambo ya barafu tuwaachie wenye barafu yao. Na huyo Mkongo ajifunze Kiingereza, ndiyo njia fupi. Waliobaki wakaitikia kwa vichwa. Kilichonikera zaidi ni kwamba kila aliyeitikia alikuwa amejifunika koti zito, na mmoja alikuwa na blanketi mabegani.

Tuanze na hilo blanketi. Ni nani kati yetu asiyejua baridi? Mbeya mjini tumekaa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko juu zaidi, mita 2,600. Mwezi wa Juni na Julai mkulima wa viazi wa Makete huamka alfajiri akakuta shamba limekuwa jeupe, na jua likipanda majani yanageuka meusi kana kwamba yameunguzwa kwa moto. Kitu hicho cheupe kina jina. Ni sakitu. Wengine husema jalidi. Maneno yote mawili yamo katika kamusi zetu, lakini washairi wa nyanda hizi hatuyagusi. Tunaandika mawimbi, matanga na harufu ya mwani, mambo ambayo wengi wetu tuliyaona kwa mara ya kwanza tulipokwenda Dar es Salaam kwenye harusi. Halafu tunasema lugha haina baridi! Lugha inayo. Sisi ndio tumeivua koti tukaikabidhi kikoi.

Tena hayo maneno ya barafu na theluji si wageni wa jana. Theluji tumeipata kwa Waarabu, na barafu asili yake ni Uajemi, ambako neno hilo lina maana ya theluji. Likapita Bara Hindi, likafika kwetu likiwa na maana ya maji yaliyoganda. Waliotangulia walikuwa watu wa pwani ya joto, na hawakusema "hatuna kitu hiki, tusikitaje". Walichukua, wakagawa kazi kati ya maneno mawili, wakaendelea na safari.

Sasa niwageukie wale waliojaribu kunisaidia, maana nao wamenipa taabu. Mmoja alisema shughuli hiyo iitwe "uvuvi wa barafu". Hapana. Uvuvi wa dagaa ni kukamata dagaa, uvuvi wa pweza ni kukamata pweza; basi uvuvi wa barafu ni kukamata barafu, mtu akairudisha nyumbani ndani ya ndoo ikiwa imeyeyuka njiani. Atadai mtetezi kwamba twasema pia uvuvi wa baruti, na baruti hailiwi. Kweli, lakini baruti ni zana ya huyo mharibifu, ilhali barafu kwa mpwa wangu si zana. Ni mahali. Na Kiswahili kina namna yake ya kutaja mahali, ambayo mtoto wa darasa la pili anaijua: baharini, ziwani, mtoni, barafuni. Wanakwenda kuvua samaki barafuni. Imekwisha. (Msiliondoe neno "samaki" hapo. "Kuvua barafuni" pekee kwaweza kumfanya mtu avue shati.)

Zana nazo sikuzikosa. Mshipi ni mshipi, ndoana ni ndoana, chambo ni chambo, na kile kipande cha risasi cha kuzamisha mshipi ni chubwi, neno zuri ambalo linaachwa life bure. Cha kutobolea barafu kinazunguka kama keekee ya seremala, basi ni keekee kubwa. Cha kugongea mbele ya mguu ili kujua kama barafu ni imara ni mtaimbo; kila mponda kokoto wa Mbalizi anaujua. Vipande vinavyoelea tunduni huopolewa kwa upawa wenye matundu. Viatu vyenye meno ya kuzuia kuteleza nimeviita njumu, na Mkenya, mpenzi wa soka, hakuuliza swali. Sikuunda neno hata moja. Sichukii waundaji wa istilahi, nawaheshimu sana. Ila nawasihi kabla ya kukaa mezani wapite kwanza kwa seremala.

Lakini ushahidi wangu mkubwa dhidi ya ndugu yule aliyecheka hauko katika msamiati. Uko katika sarufi, tena katika kile kipengele ambacho wanafunzi hukichukia kuliko vyote: ngeli ya mahali, PA, KU na MU. Barafuni hapa pana nguvu. Barafuni kule kunateleza. Barafuni humu mna samaki. Neno ni lilelile, mahali ni patatu. Mtu aliyesimama kando ya tundu lake akishika mshipi husema "nipo barafuni". Aliye mbali, mwenzake asijue hasa ni wapi katika weupe ule, husema "niko barafuni". Na anayesema "nimo barafuni", jamani, huyo amekwisha zama. Silabi moja tu inamtenga mvuvi na mhanga. Nitajieni lugha ngapi zinazoweza kumpa mtu aliye hatarini silabi moja ya kueleza kama yuko juu ya maji au ndani yake. Na chombo hiki ndicho tunachoambiwa hakifai kwa barafu!

Nilimwandikia mpwa wangu ubeti, ili wenzake waushike kwa urahisi:

Nimo si sawa na nipo, uliye mbali elewa,
Penye unene ni papo, mguu unapotiwa,
Na barafu iliapo, rudi bado hujalowa,
Asemaye nimo hapo, ni wa kamba kutupiwa.

Atasema mtu kwamba nacheza na maneno ilhali barafu inaua. Haya, tuje kwenye barafu yenyewe. Idara ya maliasili ya Minnesota hushauri kwamba barafu mpya iliyo angavu iwe na unene wa inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, ndipo mtu atembee juu yake kwa miguu. Barafu nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji, ni dhaifu, na unene wake hauna budi kuwa maradufu. Unene haufanani ziwa zima. Penye mdomo wa mto au chemchemi barafu ni nyembamba, kwa hiyo hupimwa tena na tena kila baada ya hatua chache. Katika maziwa makubwa ya jimbo hilo imetokea zaidi ya mara moja kipande kizima kumeguka na kuelea kikiwa na wavuvi juu yake. Aliyezama hugeukia kule alikotoka, kwa kuwa huko ndiko barafu ilikombeba; hunyoosha mikono juu ya barafu, hupiga maji kwa miguu, na akishatoka hasimami, hujiviringisha kama gogo mpaka afike penye nguvu. Someni tena aya hii. Ni wapi Kiswahili kimekwama?

Nakiri mahali pamoja. Wenyeji wa nchi za baridi wana majina ya aina za barafu ambayo mimi nimelazimika kuyaeleza kwa maneno mawili matatu. Sioni aibu. Kitu ambacho watu wetu wameanza kukikanyaga juzi kitapata jina lake kutoka kwa hao wanaokikanyaga, nao wako Minneapolis na Stockholm, hawapo barazani kwetu.

Nakiri pia kwamba nilikaribia kuharibu mambo kwa ujuaji wangu mwenyewe. Katika rasimu ya kwanza niliandika kwamba safari itakuwa "wakati wa kipupwe", nikajisifu kwa kuepuka maneno marefu. Kipupwe chetu ni Juni hadi Agosti. Mkongo angefika ziwani Julai na keekee begani, akakuta watu wanaogelea. Nilifuta, nikaandika "majira ya baridi, mwezi wa Januari". Wale wanaotaka kila neno la Ulaya lipewe kisawe cha pwani kwa nguvu, hili liwe lao.

Jambo la ziwa geni nalo si la kigeni kwetu. Julai ya mwaka jana sisi washairi hawahawa tuliteremka kupitia Tukuyu na Kyela hadi Matema, tukiwa na makoti ya Mbeya katika joto la Ziwa Nyasa, lililoko mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Tulitaka mtumbwi saa nane mchana. Mzee mmoja wa pale ufukweni hakukataa, alituuliza tu. Mmemwaga nani? Mtarudi saa ngapi? Upepo wa leo mnaujua? Hatukuujua. Miezi hiyo, Mei hadi Agosti, upepo wa kusini huvuma juu ya ziwa lile refu ukainua mawimbi makali; ng'ambo ya Malawi huuita mwera. Chini ya mtumbwi tuliotaka kuukodi kulikuwa na ziwa ambalo kina chake hufika mita 700. Tulikaa mchangani tukala usipa. Ndugu yule aliyecheka barazani alikuwapo, alikula kuliko sote, na alimshukuru mzee kwa Kiswahili.

Maswali matatu ya mzee wa Matema ndiyo niliyoyaweka juu kabisa ya mpango wa mpwa wangu, kabla ya unene wa barafu na kabla ya zana. Umemwaga nani. Utarudi saa ngapi. Mwenyeji wa ziwa amesemaje leo.

Niliutuma mpango huo wote, kurasa mbili, pamoja na ubeti. Jibu lilifika kwa sauti, na aliyezungumza alikuwa Mkongo mwenyewe. Alinishukuru, akaniita Papa, kisha akanisahihisha kwa adabu. Kwao Bukavu, alisema, hawasemi "nimo". Husema "niko mu maji", na mtu akiwa baridini, pumzi zimekatika, hatakumbuka Kiswahili cha Mjomba. Atapiga kelele kwa Kiswahili cha mama yake. Nami nikaisikia ile MU, imetoka mwishoni mwa kitenzi ikakaa peke yake mbele ya nomino, nzima kabisa, katika lahaja ambayo barazani kwetu huwa tunaiita mbovu.

Nimebadilisha ukurasa wa pili. Sasa umeandikwa hivi: "Ukisikia NIMO au NIKO MU MAJI, lala kifudifudi, usimkimbilie, tupa kamba." Mkenya ameomba iandikwe kwa herufi kubwa, na imeandikwa.