Linux yako haijakunyima apu za simu

Ukiambiwa laptopu ya Linux ni bure kabisa kwa vile haifungui apu za simu, usikubali haraka. Weka Waydroid. Android itakimbia ndani ya Linux yako, ikitumia kerneli ileile, hivyo mashine haibebi mzigo wa kompyuta mbili. Ila lazima uwe na Wayland, na baadhi ya apu za benki hukataa humo. Hizo ziache kwa simu.

RAM ni kidogo? Chukua scrcpy. Washa utatuzi wa USB kwa simu, chomeka waya, na skrini yake itatokea kwa laptopu. Wateja unawajibu kwa kibodi.

Zote mbili hulipii hata shilingi. Sasa mbona uuze mashine nzima?