Kabla ya Kutafuta Kamba, Mpeleke Hospitali



Leo tuzungumze jambo ambalo kila mtaa unalo lakini husemwa kwa kunong'ona tu. Msichana mwenye adabu zake, anasoma vizuri, ghafla halali usiku. Anasema kuna watu wanamfuata. Mara anacheka peke yake, mara anapiga kelele hamjui hata mamake. Kabla ya magharibi mtaa mzima ushatoa hukumu: ana jini. Wengine watasema amerogwa, wengine bangi. Mlango unafungwa, kamba inatafutwa, anaitwa mtu wa kumpunga. Akizidi ukali, fimbo. Wiki zinapita, miezi inapita, na hospitali haijatajwa.

Mimi nasema hiyo miezi ndiyo inayotumaliza.

Nitawapa kisa cha kweli. Mwaka 2009 mjini New York kulikuwa na mwandishi wa gazeti, Susannah Cahalan, umri wake miaka 24. Alianza kwa kuamini ati ameumwa na kunguni. Baadaye akawa halali, akaanguka kifafa, akawashuku hata wazazi wake. Akafika mahali kusema kukawa shida. Vipimo vya mwanzo havikuonyesha kitu. Kuna daktari aliyesema ni pombe na kazi nyingi. Na hiyo ni New York, si kijijini.

Mwishowe akaitwa Daktari Souhel Najjar, mzaliwa wa Syria. Najjar akampa karatasi na kalamu, akamwambia achore saa. Binti akachora duara, kisha nambari zote, 1 hadi 12, akazirundika upande wa kulia. Upande wa kushoto mtupu. Hapo daktari akajua: upande wa kulia wa ubongo, ule unaosimamia upande wa kushoto wa tunachokiona, umevimba. Vipimo vikathibitisha. Alitibiwa, akapona, akarudi kazini, na mwaka 2012 akatoa kitabu kuhusu yaliyomfika.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa na Daktari Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007 tu. Seli za ubongo zina vipokezi vinavyoitwa NMDA, ni kama milango ya kupokea ujumbe. Vinasaidia kumbukumbu na fahamu. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ile inayopigana na viini, inakosea njia na kuvishambulia vipokezi hivyo. Mara nyingi huanza kama mafua: homa, kichwa kuuma. Kisha mtu anaona visivyokuwepo, anapata kifafa, mdomo unachezacheza wenyewe, mwisho ananyamaza kabisa. Wanaopatwa zaidi ni wasichana na wanawake vijana, na baadhi yao chanzo ni uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Uvimbe ukitolewa na dawa za kutuliza kinga zikitolewa, wengi hupona. Utafiti wa mwaka 2013 uliofuatilia wagonjwa 577 ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili takriban asilimia 80 ya waliofuatiliwa walikuwa na hali nzuri. Na waliowahi matibabu ndio waliopona vizuri zaidi.

Soma tena dalili hizo. Kwetu zinaitwaje?

Sisemi kila anayepata wazimu ana ugonjwa huu. Ni nadra. Wengi wana maradhi mengine ya akili, wengine malaria imepanda kichwani, wengine ni hiyo bangi kweli. Lakini nani atajua kama mgonjwa amefungiwa chumbani? Kamba haipimi damu.

Najua kuna atakayesema, "Huyu kijana anakanusha majini." Hapana ndugu yangu. Majini tunayaamini, na hakuna anayekuzuia kumsomea mgonjwa wako. Msomee mkiwa kwenye matatu ya kwenda hospitali. Mtume (SAW) alituamrisha tutafute tiba, na Waislamu waliotutangulia walilielewa hilo. Hospitali ya Sultan Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, na walitibiwa humo kama wagonjwa wengine. Sasa sisi, zaidi ya miaka 700 baadaye, tunamfunga binti wa watu kwenye kitanda na kumwita aibu ya ukoo?

Hii pia ni haki, si huruma tu. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na serikali za kaunti zikapewa jukumu la huduma hizi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, kwa maana mgonjwa si mhalifu. Mahakama ishasogea. Majumbani mwetu bado tuna mahabusu wasio na kosa.

Kwa hivyo nawaomba mambo mawili. La kwanza, mtu wako akibadilika ghafla, hasa kama ana homa, kichwa au kifafa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Andika tarehe: lini aliacha kulala, lini alianguka, alisema nini. Daktari akisema ni "mambo ya wasichana tu," uliza tena kwa heshima, na ikibidi tafuta daktari mwingine. Hata Cahalan aliokolewa na wazazi waliokataa kunyamaza.

La pili, mwakilishi wa wadi akija kuomba kura, mbali na barabara na maji muulize: hospitali yetu ina daktari wa akili? Dawa zake zipo? Asipokuwa na jibu, msimpigie makofi.

Pengine sasa hivi, unaposoma hapa, kuna chumba mtaani kwenu kilichofungwa kwa nje. Unakijua. Kazungumze na wazee wa nyumba hiyo leo, kwa adabu, na uwaambie uko tayari kuwasindikiza hospitali.