Lumbesa tunaipigia kelele, bega la kuli je?



Mjadala wa lumbesa si mgeni kwetu tunaoishi Nyanda za Juu Kusini. Kila msimu wa viazi mviringo ukifika, kuanzia Isongole na Umalila huku Mbeya mpaka Kilolo na Mufindi kule Iringa, wimbo ni ule ule: mkulima anaibiwa. Mfanyabiashara anakuja na gunia lake, linajazwa mpaka mdomoni, halafu linavishwa kilemba kinachoshonwa kwa kamba juu yake, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Viongozi wanakemea, Wakala wa Vipimo wanatoa matangazo, na sisi wa magazeti tunaandika. Mimi mwenyewe nimeandika habari za lumbesa mara nyingi kiasi kwamba nadhani naweza kuziandika nikiwa usingizini.

Sibishi, mkulima anaibiwa kweli. Ila kuna mtu wa tatu katika biashara hii ambaye hatumtaji kabisa. Gunia halipandi lenyewe kwenye Fuso. Anapakia kuli, na kwa kawaida analichukua juu ya bega na mgongo wake baada ya wenzake wawili kumtwisha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee, na sijui kama kuna mahali msemo huu unafaa kuliko sokoni Uyole saa mbili asubuhi.

Sheria ya Vipimo, Sura 340, inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hebu soma tena: kilo mia moja. Maana yake ni kwamba hata siku ile sheria itakapofuatwa nchi nzima bila rushwa wala kupepesa macho, kijana mwenye kilo 62 bado atatakiwa kubeba kilo 100, na sisi tutaandika kwamba tatizo limekwisha. Lumbesa ya kilo 120 na kuendelea ni uvunjaji wa sheria. Gunia la kilo 100 ni halali. Bega halijui tofauti hiyo.

Shirika la Kazi Duniani lilishatoa pendekezo lake mwaka 1967, lile la namba 128: pale ambapo mwanaume mtu mzima anaruhusiwa kubeba mwenyewe zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kupunguza uzito huo ufike hapo. Mwaka 1967! Huo ndio mwaka wa Azimio la Arusha.

Sasa tuliangalie bega lenyewe, maana nadhani tatizo letu linaanzia hapo. Tunaliona kama rafu, kitu kilichowekwa pale juu kwa ajili ya kupokea mizigo. Weka mkono wako wa kushoto kwenye bega la kulia. Papasa mfupa mwembamba ulioko mbele. Huo ni mtulinga. Ufuate kuelekea ndani mpaka unapokutana na mfupa wa kidari, chini kidogo ya koo. Hapo, kwenye kiungo unachoweza kukifunika kwa kidole gumba, ndipo mahali pekee ambapo mifupa ya mkono wako mzima imeungana na mifupa ya kiwiliwili. Hakuna pengine. Kombe la bega, ule mfupa bapa wa pembetatu mgongoni, halina kiungo na mbavu. Limeshikiliwa na misuli tu, na misuli inayojishikiza kwenye mfupa huo mmoja ni 17.

Linganisha na nyonga. Pale kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya shimo refu, na shimo lenyewe limechongwa kwenye mfupa mnene. Kiungo hicho kimejengwa kwa ajili ya uzito. Kwenye bega kichwa cha mfupa wa mkono ni duara kama chungwa dogo, na kinachokipokea ni kisahani kisicho na kina. Wakati wowote ni kama robo tu ya duara hilo, au zaidi kidogo, inayogusana na kisahani. Jaribu kusimamisha chungwa kwenye kisahani cha kahawa halafu ukiinamishe ukutani, utaelewa kwa nini bega ndicho kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi kuliko vyote, na kwa nini madaktari wamekuwa wakiandika jinsi ya kulirudisha tangu enzi za Hippocrates.

Tulichopata kwa kujengwa hivyo ni uhuru. Hakuna kiungo kingine chenye mwendo mpana namna ile: unarusha jiwe, unachuma chai Mufindi, unasuka nywele, unajikuna mgongoni. Mwombe rafiki yako anyanyue mkono mpaka juu kabisa huku umemshika kombe. Utahisi kombe lenyewe linazunguka. Katika nyuzi 180 za mkono kupanda, kiungo cha bega kinatoa kama 120 na kombe linatoa 60 zilizobaki, kwa pamoja, bila wewe kufikiria chochote.

Anayelizuia chungwa lisidondoke ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe. Kano zake zinalizunguka lile duara kama kofia na kulivuta lituliye kwenye kisahani. Mmoja wa misuli hiyo unapita juu, kwenye uwazi mwembamba chini ya ncha ya kombe, kama mtu anayepita chini ya uvungu wa kitanda. Huo ndio unaoumia mara nyingi zaidi.

Basi mtwishe sasa gunia. Uzito unakaa nyuma ya shingo na juu ya bega, na mtulinga unasukumwa chini kuelekea ubavu wa kwanza. Kati ya mtulinga na ubavu huo ndimo inamopita mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi pamoja na mishipa mikubwa ya damu. Ndiyo maana ukikaa na makuli, hawakosi mmoja wa kukueleza habari za ganzi ya vidole, na ataieleza kama jambo la kawaida tu, kama vumbi. Madaktari wa majeshi wanaijua hali hii kwa askari wanaobeba mabegi mazito: mikanda inabana mshipa wa fahamu, msuli unaolikandamiza kombe kwenye mbavu unalegea, na kombe linachomoza mgongoni kama bawa. Halafu kuli anainua mkono kushika gunia lisiteleze, na ile kano ya juu inabanwa kwenye uvungu wake. Mara moja si neno. Mara sitini kwa siku, miaka minane, ni kamba inayosuguliwa kwenye ukingo wa kisima.

Kinachofuata tunakijua. Maumivu ya usiku, kushindwa kulalia upande ule, dawa ya kuchua, vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa, kesho asubuhi kazini. Dawa inaondoa maumivu na gunia linabaki na uzito wake.

Kuna jambo jingine kuhusu mtulinga ambalo lilinishangaza nilipolisoma. Ni mfupa wa kwanza kabisa kuanza kukomaa mtoto akiwa tumboni, wiki ya tano au ya sita hivi, lakini ncha yake ya ndani ni miongoni mwa sehemu za mwisho kabisa kumaliza. Inaendelea kuunga mpaka baada ya miaka 20, kwa wengi karibu na 25. Pita Mwanjelwa au kwenye maghala ya Iringa mjini uangalie umri wa wanaoshusha mizigo. Wengi wao mfupa huo haujamaliza kazi yake.

Kuna watakaosema babu zetu walibeba na hawakulalamika. Hoja hii naisikia sana, hasa kwa watu waliokaa ofisini. Tuipime basi kwa mizani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 30 hivi. Meno makubwa ya tembo yalizidi hapo, lakini bidhaa za kawaida zilifungwa kwa kipimo hicho kwa sababu wenye misafara walijua mtu akizidishiwa hafiki. Mwaka 1916, vita kuu ya kwanza ilipopita huku kwetu, Waingereza wakiingia Tukuyu kutokea Nyasaland na kuitwaa Iringa mwezi Agosti, wapagazi wa jeshi walibebeshwa mizigo ya kilo 25 hivi mpaka 30. Walikufa kwa makumi ya maelfu Afrika Mashariki nzima, wengi kwa maradhi na njaa, na tunaukumbuka ule kama ukatili, kwa haki kabisa. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Leo gunia la viazi vya Isongole linashushwa Kariakoo hiyo hiyo likiwa na uzito mara tatu au nne ya mzigo wa mpagazi wa vita.

(Mama zetu wenye ngata kichwani ni habari nyingine. Kichwani uzito unashuka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo na bega linasalimika. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya ulioonyesha kwamba wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Asilimia 20, si 160. Shingo nayo ina malalamiko yake, siku nyingine.)

Nini kifanyike? Kwa maoni yangu, kilo 50. Na tusiambiwe haiwezekani, kwa sababu tayari inafanyika, tena kwenye barabara ile ile. Mbolea inapanda kutoka Dar es Salaam kuja kwa mkulima wa viazi ikiwa kwenye mfuko wa kilo 50. Saruji inayotengenezwa hapa hapa Mbeya inauzwa kwa mfuko wa kilo 50. Uingereza wao walishashusha mfuko wa saruji kutoka 50 mpaka 25. Ni zao la mkulima peke yake ambalo linatoka shambani kwa kipimo cha mtu kuumia.

Makuli wenyewe wana wasiwasi, nao una msingi. Wanalipwa kwa gunia. Gunia likiwa nusu, si malipo yatakuwa nusu? Yatakuwa nusu kwa kila gunia, na magunia yatakuwa mara mbili. Ukilipa kwa kilo hesabu haibadiliki. Kwa mwili, lakini, kilo 50 mara mbili si sawa na kilo 100 mara moja. Kamba ya kisima inayovuta ndoo moja moja siku nzima itakatika ukiifunga ndoo tatu kwa mpigo. Wengine watasema muda utapotea. Toroli lipo, mkokoteni upo, na mfuko wa kilo 50 watu wawili wanaupokezana bila kumtwisha mtu.

Tatizo gumu zaidi ni kwamba kuli hana mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 upo, lakini anayechangiwa kwenye mfuko ule ni mwenye mwajiri. Kuli wa sokoni leo anapakia gari la huyu, kesho la yule, na kano ikikatika hakuna wa kumwandikia barua. Hilo halitatatuliwa na makala moja ya kijana wa gazeti.

Ushuru na nauli, hata hivyo, vinaweza kubadilishwa kesho. Kwa miaka mingi vimezoeleka kuhesabiwa kwa gunia, na ukihesabu kwa gunia unamwambia mfanyabiashara ajaze. Halmashauri za Rungwe, Mbeya, Kilolo na Mufindi zikianza kupima kwa kilo, au zikisema mfuko wa kilo 50 unalipa nusu kamili na gunia lenye kilemba halipiti kizuizi, kilemba hakitakuwa na faida kwa mtu yeyote. Mizani haihitaji Bunge.