Dumila siyo Moro, jamani!

Nimekuwa kimya kidogo, test zimebana na bumu limekata. Leo nina hoja moja tu.

Hapa hosteli kuna ubishi haujaisha tangu Jumatatu. Jamaa wa kozi yetu ni mtoto wa Dumila. Akiulizwa kwao anajibu "Moro". Watu wakishamzoea wanaanza kumuuliza habari za Msamvu na mitaa ya Kihonda, naye hajui hata moja. Anajitetea kwamba akisema Dumila hakuna anayepajua. Wengine wanamuunga mkono, mimi nakataa.

Tatizo ni kwamba Morogoro ni jina la mkoa na ni jina la mji. Mtu wa Kihonda au Bigwa akisema Moro yuko sawa, hiyo ni mitaa ya manispaa. Ni kama wa Mbagala akiwa Mwanza aseme katoka Dar. Lakini Dumila siyo mtaa wa Moro mjini. Iko zaidi ya kilomita 60 kwenye barabara ya Dodoma, unapita kwanza Dakawa, wilaya ya Mvomero, ndiyo uje Magole na Dumila, wilaya ya Kilosa. Hata Uluguru ipo mgongoni mwa Moro mjini, Dumila wako karibu zaidi na milima ya Nguru na Ukaguru!

Mtasema ni ubishi wa vijiweni tu. Sivyo. Januari 2014, wengi wetu tukiwa bado watoto, mafuriko yaliipiga Magole na Dumila, nyumba zikaenda na maji na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma ikakatika. Sasa aliyesikia "mafuriko Morogoro" tu angempigia nani simu? Ndugu aliyeko Msamvu, mkavu kabisa, huku wa Magole yuko juu ya bati. Siku ya shida jina la mahali ndilo linaloelekeza msaada. Na siku za kawaida ni hivyo hivyo: ukidai zahanati au maji kwa jina la Moro, mtu atakujibu mbona Moro vipo.

Hoja ya kwamba hapajulikani naijibu hivi: patajulikana vipi kama wenyeji wenyewe wanapaficha? Mzumbe ni jina la kijiji, nacho kiko Mvomero, lakini nchi nzima inalijua kwa sababu chuo kinaitwa hivyo. Mazimbu na Dakawa zinajulikana mpaka Afrika Kusini, maana wapigania uhuru wa ANC waliishi na kusoma pale na hawakupaita "Moro" tu.

Ninachosema ni rahisi. Anza na kwenu, halafu mwelekeze mtu: "Dumila, pale njia panda ya Kilosa ukiwa unakwenda Dodoma." Nani aliyewahi kupanda basi la Dodoma asielewe? Ukiwa nje ya nchi sema Tanzania, sawa. Lakini hapa chuoni, mtu yuko mbele yako, ana muda wa kukusikiliza, mpe jina kamili.

Wa Turiani, wa Gairo, wa Mikumi, nanyi mpo kwenye mkumbo huu huu, msijifanye hamsikii! Haya mnasemaje? Ngoja niwahi kipindi cha saa nane.